Barua Yenye Macho

Kipriani, fundi baiskeli wa Kasulu, alikuwa mtu wa kushuku, na hakuanza ukubwani. Waliokua naye wanasema hata siku ya kubatizwa alimtazama padri kwa jicho la pembeni, kana kwamba maji yale yamechotwa kwa jirani bila ruhusa. Ukimpelekea baiskeli yenye pancha, kabla hajaigeuza kichwa chini atakuuliza ulikuwa unatoka wapi, ulipita njia gani, na kwa nini mwiba umelichagua gurudumu la nyuma. Ukisema hujui, anatikisa kichwa polepole kama hakimu aliyekwisha pata jibu lake.

Mtu wa namna hiyo akioa, wa kuhurumiwa ni mke. Immakulata aliolewa kutoka Mabamba, kule mpakani, wilaya ya Kibondo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na sauti nzuri ya kwaya. Jioni moja alirudi kanisani akiimba wimbo mpya kwa puani huku akimenya ndizi.

"Wimbo huo nani kakufundisha?" akauliza Kipriani.

"Mwalimu wa kwaya."

"Na wenzako kawafundisha?"

"Kwaya nzima, Kipriani."

"Sasa mbona wewe unauimba kwa puani?"

Immakulata akaendelea kumenya ndizi. Kwa Kipriani, huko kunyamaza kulikuwa ushahidi. Kesho yake asubuhi mkewe alipokwenda mtoni kufua, yeye akafunga kibanda, akapita nyuma kwa nyuma, akajibanza kwenye migomba juu ya mto aone nani atatokea. Waliotokea ni siafu. Alikuwa amesimama katikati ya barabara yao, na siafu hawana simile. Walipanda suruali kwa utaratibu, wakafika walikofika, wakauma wote kwa pamoja kama walioambiwa. Kipriani alitoka migombani anaruka, anajipiga mapaja, suruali iko magotini, mbele ya wanawake wa mtaa mzima na nguo zao zilizoanikwa.

Wanawake walicheka mpaka sabuni ikaenda na maji. Immakulata hakucheka. Alikusanya nguo zake mbichi, akarudi nyumbani, akafunga kifurushi, na kesho yake akapanda lori kwenda kwa mama yake. Alisema neno moja tu mlangoni: "Mimi si wa kuchunguliwa."

Kwa watu wa Mabamba mwanamke akirudi kwao kwa kosa la mume, mume haendi kumfuata kama anayefuata kuku. Anatuma maneno kwanza, anangoja aitwe. Akikaa kimya mpaka maharage ya msimu yavunwe, ukoo wa mke unahesabu kwamba kaacha, na hapo anayetaka kuoa anakaribishwa. Mshenga aliyekuwa awasemee, mzee Felisiani, Operesheni ya Vijiji ilikuwa imemhamishia mbali, na tangu ahamishwe alikuwa hasemi na mtu. Hivyo mwaka ule wa sabini na sita, maharage yakiwa yameshaanza kuweka maua, Kipriani hakuwa na njia nyingine ila barua. Na mwandiko wake, kwa kweli, ulifanana na njia ya kuku kwenye tope.

Mpiga chapa wa watu alikuwa Ntirampeba. Alikaa barazani kwa Gharibu, mwenye duka, mtu ambaye baba yake alitoka pwani na yeye akabakiwa na ulimi wa huko. Ntirampeba alivuka mpaka mwaka wa sabini na mbili, machafuko ya Burundi yalipowafikia, na kitu pekee alichookoa kilikuwa mashine yake ya chapa, ameivika blanketi, ameibeba kichwani kama mtungi. Huko kwao alikuwa karani wa kampuni ya kahawa. Wenzake wengi walipelekwa makambi ya mbali. Yeye alibaki Kasulu. Kwa nini alibaki? Kipriani alikuwa na sababu kadhaa, na hakuna hata moja nzuri.

Mashine yenyewe ilikuwa ya Kifaransa. Herufi zake zilikaa ovyo kwa macho yetu, na juu yake kulikuwa na vikofia na nukta ambazo Kiswahili hakijawahi kuzihitaji. Kitufe kimoja kilikuwa cha ajabu: ukikibonyeza, nukta mbili zinajichapa lakini karatasi haisogei. Inasubiri. Herufi utakayopiga inakuja kukaa chini ya zile nukta. Ntirampeba, kwa kuwa Kifaransa hakuna aliyekihitaji tena, alizitafutia nukta zake kazi nyingine. Akiziweka juu ya u, unapata hii hapa: ü. Macho mawili na mdomo unaocheka. Akiziweka juu ya o: ö. Huyo kashangaa, mdomo wazi. Akiziweka juu ya n, mdomo unapinda chini, na huyo ana msiba.

Tena hakuziweka kwa kupenda kwake. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa kazi yake: mteja anasema, yeye anapiga kinachosemwa pamoja na kinachotendeka usoni. Mteja akicheka katikati ya maneno, cheko linaingia mahali pake. Akiguna, linaingia lile la kushangaa. Watu wa vijijini walimpenda kwa hilo. Ilikuwa kana kwamba umekwenda mwenyewe.

Kipriani hakuwa anajua, maana hakuwa amewahi kuandika barua. Alipofika barazani alikaa pembeni ya mashine, mahali anapoweza kuona mikono yote miwili ya Ntirampeba.

"Karibu, mushingantahe," akasema Ntirampeba. Ndivyo wanavyomwita mtu mzima mwenye heshima kwao, naye alimwita hivyo kila aliyekaa. "Inakwenda kwa nani?"

"Kwa Mama Theodosia, Mabamba. Mama mkwe wangu. Anza: Habari za huko, sisi hatujambo."

"Ngoja kwanza." Ntirampeba akapiga, tak, tak, akaruka nafasi, tak, tak. Juu kabisa ya karatasi kukatokea hivi: )( )(

Kipriani akasimama nusu. "Hiyo nini?"

"Makofi."

"Makofi ya nini?"

"Ndugu yangu, wewe ukifika uani kwa mama mkwe unaingia mikono inaning'inia? Si unainama, unapiga makofi taratibu mpaka uitikiwe? Na barua ikiingia uani kwake, ipige. Hivi ni viganja. Hiki na hiki."

"Mimi sikusema upige makofi."

"Hukusema. Lakini ungefika pale ungepiga."

Gharibu alikuwa amelalia kaunta yake kwa viwiko, anasikiliza kwa raha zote. "Mwache akupigie, bwana fundi. Mikono yako ina grisi."

Kipriani akakaa, shingo upande. Akasema maneno yake: kwamba anaomba radhi, kwamba aliyoyafanya hayakuwa mazuri. Alipofika kwenye siafu akataka kuyapita kwa haraka. Gharibu hakukubali.

"Suruali ilifika wapi? Mama mkwe asibahatishe."

"Magotini," akasema Kipriani kwa hasira.

"Na siafu?"

"Siafu walifika… " Akasita. Akajiona mwenyewe pale mtoni, anaruka kama mwanambuzi, anajichapa kwa mikono miwili, mbele ya mama wa kwaya aliyeshika fulana ya mumewe. Kicheko kikamponyoka. Kidogo tu, cha puani, akakimeza upesi kama mtu aliyemeza nzi.

Tak. Tak. Mbele ya neno siafu kukawa na ü.

"Umeandika nini hapo?" Kipriani akaruka.

"Umecheka. Nimeandika."

"Mbona ina macho?"

"Uso wowote una macho, mushingantahe."

"Yanamtazama nani?"

"Anayesoma."

Jibu hilo halikumtuliza hata kidogo. Alama ambayo huwezi kuisoma kwa mdomo, akawaza, kwa nini iwemo? A inasomeka a, be inasomeka be. Hii ukiulizwa utasema nini? "Ifute."

"Mashine haifuti. Nianze upya?"

Lakini lori la Venanti, dereva wa maharage, lilikuwa tayari linanguruma sokoni, linakwenda Kibondo mpaka Mabamba. Barua ikaenda na macho yake.

Venanti aliporudi alipita kibandani kwa Kipriani kabla hajanawa vumbi.

"Mambo mazuri, fundi! Katekista kawasomea uani. Alipofika juu akasema, 'Hapa mkwe anapiga makofi.' Mama Theodosia akajifunika kanga, akaitikia kabisa kama mtu kasimama pale. Na kwenye siafu! Katekista kageuza karatasi kuwaonyesha ule uso. Wamecheka, watu wamelia machozi. Mama amesema, huyu mkwe kumbe ana uso."

"Na Immakulata?"

"Hakucheka na wengine. Aliichukua karatasi, akaenda nayo nyuma ya nyumba peke yake. Baadaye akaniuliza jambo."

"Jambo gani?"

"Kaniuliza nani kaipiga hiyo barua. Nikamwambia Ntirampeba. Akasema, 'Ningempata ningemuuliza kitu.'"

Mwingine angesikia habari njema tupu hapo. Kipriani alisikia moja tu. Mkewe anachukua karatasi. Anakwenda nayo nyuma ya nyumba. Anamtaka mpiga chapa.

"Kitu gani amuulize?"

"Hakuniambia."

"Wewe hukumuuliza kitu gani?"

"Mimi dereva, Kipriani. Nauliza njia tu."

Siku zile zilizofuata baiskeli za Kasulu zilikaa bila kutengenezwa. Kipriani alikuwa na uchunguzi. Alimuuliza muuza karanga Ntirampeba anakula wapi. Alimuuliza Gharibu kama Ntirampeba huimba, na kama huimba, ni kwa mdomo au kwa puani. Akamrudia Venanti, akamuuliza Ntirampeba alipovuka mpaka alipitia wapi.

"Mabamba," akasema Venanti. "Wengi walipitia huko."

"Alilala wapi?"

"Kwa watu. Mama Theodosia aliwapokea wengi, hata yeye nadhani alilala pale. Uji walikunywa kwa zamu."

Kipriani akashika usukani wa baiskeli ya mteja. Alilala pale! Kanywa uji pale! Kumbe ndiyo maana makofi yalipigwa bila kuambiwa, kumbe ndiyo maana macho. Barua ilikuwa yake yeye Kipriani kwa nje, na kwa ndani watu wawili walikuwa wanatazamana kwa nukta. Akakumbuka namna Ntirampeba alivyosema "anayesoma", polepole, na damu ikampanda.

Akaenda barazani. Hakusalimu.

"Unaniangalia nini?" akamwambia Ntirampeba, aliyekuwa anabadili utepe wa mashine na hakuwa amemwangalia.

"Karibu, mushingantahe."

"Sikai. Nataka kujua kitu. Herufi za kawaida hazitoshi mpaka uweke macho?"

"Zingine zinatosha. Zingine hapana."

"Basi ya kwangu itatosha."

Gharibu akaguna. "Huyo kaamka na siafu wengine."

Kipriani akaondoka moja kwa moja mpaka ofisi moja ya ushirika, kwa Kudra, binti aliyesomea upigaji chapa Tabora na kurudi na miwani. Mashine yake ilikuwa ya Kiingereza, mpya, haina kofia wala nukta za ziada, na Kudra mwenyewe hakuwahi kuandika kitu kisichokuwa cha ofisi. Kipriani akaikagua mashine juu na chini. Akauliza kama ina nukta mbili. Kudra akamwonyesha zile za kusimama, moja juu ya mwenzake.

"Hizo sawa," akasema Kipriani. "Hazitazami. Mwandikie mama mkwe wangu kwamba namtaka mke wangu arudi, na uandike safi. Kusiwe na kitu ndani kisichosomeka."

"Safi ndiyo kazi yangu, kaka," akasema Kudra, akavuta karatasi. Akapiga bila kuinua macho, na alipoitoa ilikuwa hivi:

Ndugu Theodosia,
YAH: KUREJEA KWA MKE
Tafadhali husika na somo lililotajwa hapo juu. Mke wangu, ndugu Immakulata, aliondoka kituo chake bila taarifa. Unaombwa kuhakikisha anarejea mapema iwezekanavyo. Utekelezaji wako utathaminiwa.
Wako katika ujenzi wa Taifa,
Kipriani.

Kipriani aliisoma kwa kidole, neno kwa neno, akatafuta macho, hakuyaona. Akaigeuza nyuma. Akaiweka juani aone kama kuna kitu kimejificha kwenye karatasi. Hakuna. Katika maisha yake yote hajawahi kuona kitu kinachoaminika namna ile. Alimpa Venanti kwa mikono miwili.

Safari hii Venanti hakupita kibandani. Kipriani alilazimika kumfuata sokoni, akamkuta chini ya lori anajifanya anakaza nati ambayo haikulegea.

"Wamesemaje?"

"Kuhusu nini?" likauliza lori.

"Venanti, toka huko."

Venanti akatoka, akajifuta mikono kwa muda mrefu. "Fundi, nani kakuandikia ile?"

"Mtu aliyesoma. Kwa nini?"

"Katekista alipoanza, Mama Theodosia alikuwa ameshajifunika kanga kungoja makofi. Akangoja. Katekista akaenda moja kwa moja kwenye 'Ndugu'. Mama akauliza, 'Makofi yako wapi?' Katekista akatazama juu, akatazama chini, akasema hayapo. Mama akasema, 'Yaani kaingia uani kwangu mikono mfukoni, ananiita ndugu.' Akavua kanga, akaingia ndani. Amesema huyo mwenye ujenzi wa Taifa amtafute Taifa amuoe."

Kwao mkwe kutopiga makofi si kusahau adabu; ni kutamka kwamba hapa si kwangu tena. Kipriani mwenyewe, kwa mkono wake, tena kwa kukagua juani, alikuwa ametuma barua ya kuacha mke.

"Na Immakulata?"

Venanti akatazama matairi. "Alikuwa ameshafunga mzigo, fundi. Nilikuwa nije naye safari hii. Alipoisikia ile, akaufungua. Na maharage kule wameanza kung'oa."

Kipriani alikwenda barazani kwa Gharibu. Akakaa pale pale penye kona ya kuona mikono yote miwili, kisha akajisogeza mbele, mahali pa wateja.

"Andika," akasema. "Anza na makofi. Weka mengi."

Ntirampeba akaegemea. "Hapana."

"Unakataa?"

"Ego, nakataa. Ya kwanza ilikuwa na uso. Ya pili ilikuwa na tai. Ya tatu mama hataifungua. Nenda mwenyewe."

"Sijaitwa."

"Basi nenda usiitwe."

Kipriani akamkazia macho. Lile swali likamtoka hatimaye. "Kwa nini hukuniambia ulilala kwao?"

"Hukuniuliza. Ulimuuliza Venanti, ukamuuliza Gharibu, ukamuuliza mama wa karanga mpaka akanipunjia. Mimi nimekaa hapa kila siku." Ntirampeba akaivuta mashine karibu, akaifunika blanketi lake. "Nililala pale kwenye zizi la mbuzi na wenzangu. Mkeo alikuwa msichana, simkumbuki uso. Mama namkumbuka. Alinipa uji kabla hajaniuliza jina. Kwa hiyo barua yoyote inayokwenda kwake, nampigia makofi. Hata yako."



Lori lilimfikisha Kipriani Mabamba mchana. Alipofika kwenye uzio wa mama mkwe hakupita. Aliinama pale nje, akapiga makofi taratibu, akangoja, akapiga tena. Ndani palikuwa na sauti ya watu wanaopura maharage kwa fimbo, fimbo zikanyamaza.

"Kuna mbuzi mlangoni?" ikauliza sauti ya mwanamke mzima. Ilikuwa ya Mama Theodosia, naye alikuwa anauuliza ukuta, maana mkwe haulizwi uso kwa uso.

"Ni mimi, mama. Mwidiwe, mama," akaamkia kwa Kiha.

"Mwambieni huyo mbuzi ndugu yake hayupo."

Kipriani akaendelea kupiga makofi. Fimbo zikarudia kazi. Jua likahama, viganja vikapata moto, naye hakuacha. Mwisho Immakulata akatoka, ana maganda ya maharage kwenye nywele, akasimama upande wa ndani wa uzio.

"Acha, utaamsha watoto wa watu. Umekuja kufanya nini?"

"Kukuchukua… kukuomba."

"Nina swali. Lile nililotaka kumuuliza mpiga mashine. Sasa nakuuliza wewe. Kwenye barua ya kwanza, penye siafu, kulikuwa na uso unacheka. Ulicheka wewe, au alikuchekea yeye?"

Kipriani akashangaa. "Hilo tu ndilo ulitaka kumuuliza?"

"Hilo tu. Nimekaa na wewe tangu niolewe, sijakuona unajicheka. Jibu."

"Nilicheka."

"Nani shahidi?"

"Gharibu. Ntirampeba mwenyewe."

"Hao rafiki zako. Ulicheka kwa mdomo au kwa puani?"

"Kwa… kwa puani."

"Kwa nini kwa puani? Ulikuwa unamficha nani?"

"Sikuwa namficha mtu!"

"Mbona unapandisha sauti? Asiye na kosa hupandisha sauti? Na kama kicheko kilikuwa chako, barua ya pili kilikwenda wapi? Ulikipeleka kwa nani?"

Maneno yote Kipriani alikuwa nayo, ya kweli kabisa, na hakuna hata moja lililofaa. Aliona ulipo mtego: ukijibu umejitetea, ukinyamaza umekiri. Alitaka kukasirika. Badala yake akamwona mtu mmoja amejibanza migombani, mwenye uhakika na akili zake, huku siafu wanapanda. Kikamtoka tena, si cha puani safari hii.

"Makofi hayakuwa yangu," akasema akicheka na kujifuta macho. "Nikwambie ukweli wote. Makofi aliyaweka yeye. Macho yale nilimwambia ayafute, nikadhani mnatazamana. Ndiyo maana nikaenda kwa mtu wa miwani. Lakini cheko lilikuwa langu."

Immakulata alimtazama kwa jicho la pembeni. Jicho lile Kipriani alilijua vizuri, alikuwa amelitumia miaka mingi. Hakuwa amewahi kusimama upande wake wa pili.

"Nenda," akasema Immakulata. "Tukimaliza maharage nitafikiri. Nikija nitakuja mwenyewe. Usije kungoja lori. Usimuulize Venanti. Usimtume mtu. Nikikuona hata kivuli nyuma ya mti, nageuka na lori hilo hilo."

Kipriani akarudi Kasulu, akatengeneza baiskeli. Lori la Venanti likaja na kuondoka, likaja na kuondoka. Kila liliponguruma sokoni alishika kitu kwa nguvu: mnyororo, tairi, mara moja mguu wa mteja.

"Chungulia basi, bwana fundi," Gharibu alimpigia kelele kutoka barazani. "Mimi sitasema!"

"Simo," akajibu Kipriani, na akaendelea kunyoosha spoki iliyokwisha nyooka.

Jioni moja alifunga kibanda mapema, akapanda njia ya nyumbani. Alipofika akakuta mlango u wazi nusu. Alikuwa ameufunga, alikumbuka kuufunga, alikumbuka hata kuurudia kuuhakikisha. Ndani kulikuwa na kishindo cha vyombo. Kipriani akachomoa spana kubwa mfukoni, akabana pumzi, akasukuma mlango kwa bega.

Immakulata alikuwa amechutama jikoni, mikono imejaa majivu mpaka viwikoni. Akageuka polepole. Akaitazama spana, akamtazama aliyeishika.

"Hiyo ya nini?"

"Ya… nilikuwa nakaza kitu."

"Kipriani."

Akashusha mkono. "Nilidhani mwizi."

"Mwizi," akasema Immakulata. Akainua sufuria, ile ambayo Kipriani alikuwa amepikia ugali tangu aachwe na haikuwahi kuona maji. "Mwizi gani huyo anayeanza kwa kusugua masufuria?"

Kipriani alifikiri jibu, na kwa kweli aliona moja au mawili ambayo yangewezekana. Akayaacha. Akaenda kuchota maji.